Wubit na Mkia wa Basi

Wubit Demissie alikuja ofisini kwetu kama adhabu, ila hakuna aliyejua vizuri ni adhabu ya nani.

Miaka ile Addis Ababa iliingiwa na wazimu wa barabara. Kila ulipogeuka kulikuwa na shimo, na kando ya shimo bango lenye picha ya lami iliyonyooka, magari matano yanayong'aa, na binadamu hata mmoja hayupo. Picha zile nilizichora mimi. Naitwa Zerihun, nilikuwa mchoraji katika ofisi iliyopewa kazi ya kusanifu barabara mpya ya kusini: njia sita, uzio wa chuma katikati, na madaraja ya juu ya kuvukia waendao kwa miguu. Wafadhili wakaandika barua kwamba kwenye kamati ya usanifu lazima awepo mtu wa usafiri wa umma. Mkurugenzi wetu, Ato Kebret, yaani Bwana Kebret, aliisoma barua ile kwa sauti ya mtu aliyeambiwa alaze mbuzi sebuleni. Akawaandikia watu wa mabasi ya mji: tuleteeni mmoja.

Watu wa mabasi nao wakatazama huku na huku, wakamleta yule waliyetamani sana aondoke.

Wubit alikuwa amekata tiketi kwa miaka kumi na tisa, akikaa kwenye kile kiti kidogo kilichozungushiwa vyuma karibu na mlango wa nyuma. Mwezi mmoja kabla ya kuja kwetu, shemeji wa bosi mmoja wa mabasi alipanda bila kulipa, akamwuliza, "Unajua mimi ni nani?" Wubit akawageukia abiria. "Jamani, huyu kaka amesahau jina lake. Kuna anayemfahamu?" Halafu akakataa kumfungulia mlango mpaka mwisho wa safari, vituo kumi na kimoja mbele ya pale alipotaka kushuka. Bosi hakupata kanuni ya kumfukuzia. Barua yetu ilipofika, aliiona kama majibu ya sala zake.

Akaja, mwanamke wa miaka hamsini hivi, mnene, shali nyeupe mabegani, mkoba mkubwa kwapani. Kikao cha kwanza akapewa kiti cha karibu na mlango. Akakitazama, akacheka. "Mmenijulia kweli. Miaka kumi na tisa mlangoni, na hapa tena mlangoni."

Injinia Alemseged, mkuu wa usanifu, alitandaza mchoro mezani. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni, na alisema "mtiririko wa magari" kama wengine wanavyosema "Bikira Maria". Alieleza nusu saa nzima. Alipomaliza, Wubit akainuka, akaja mezani, akaweka kidole.

"Hiki kidude cha bluu ni nini?"

"Kituo cha basi, weizero," akajibu, neno letu la heshima kwa bibi.

"Na daraja la kuvukia?"

Alemseged akatafuta, akaonyesha.

"Mbali kiasi gani?"

"Mita mia tisa."

"Kwa hiyo mtu anashuka hapa, nyumba yake anaiona ile pale ng'ambo, anatembea mita mia tisa, anapanda ngazi, anashuka ngazi, anarudi mita mia tisa. Na mvua ya Julai. Na mtoto mgongoni." Akamtazama. "Baba, wewe mara ya mwisho kupanda basi ilikuwa lini?"

"Nilipokuwa chuo."

"Na ulipohitimu ukaapa hutarudia."

Watu wakacheka, na Alemseged akajaribu kucheka pia. Ndipo akaeleza utaratibu: kwanza huchorwa barabara, halafu makutano, halafu mitaro, halafu taa. Vituo vya basi huwekwa mwisho, mahali palipobaki nafasi.

"Kama mtu anayejenga nyumba nzima," Wubit akasema, "halafu anazunguka kuitafutia choo."

Katibu akaandika kwenye kumbukumbu: *Maoni yamepokelewa.*

Vikao saba vilipita hivyo. Mara saba aliongea, mara saba maoni yakapokelewa. Kikao cha nane alikuja na mkate wa nyumbani uliofungwa kitambaani, akamkabidhi katibu. "Pokea na huu. Angalau huu najua utaufungua."

Mimi nilianza kumpenda. Chakula cha mchana tulikula pamoja kwa mama mmoja nyuma ya ofisi, na siku za mfungo, Jumatano na Ijumaa, tulichovya injera, mkate wetu mwembamba, kwenye shiro, mchuzi wa unga wa dengu, huku nikimfundisha kusoma michoro. Alishika upesi. Niliposema upana wa kidole chake kwenye mchoro ni mita ishirini za barabara, akavipima vituo vyote vya njia ile kwa kidole, akitaja majina yake jinsi abiria wanavyoyataja: Kinuni, Kwa Abo, Soko la Kondoo, Bomba Bovu. Kwenye mchoro wetu viliitwa kwa namba na herufi.

"Soko la Kondoo mmeliita K-tatu B," alisema. "Hata kondoo mwenyewe angewashangaa."

Siku moja akaniomba nakala ya mchoro wa kile kituo chenyewe, kwa karibu. Pale ukingo wa barabara hutanuka ili basi liingie kando, lishushe watu, lirudi njiani. Ofisini tulipaita kitumbo. Akakunja karatasi, akaitia mkobani, akaipeleka kwenye yadi ya mabasi kwa dereva aliyefanya naye kazi miaka mingi, Gashe Hunde; gashe ndivyo tunavyowaita wanaume waliotuzidi umri. Kesho yake akarudi, akaketi mbele yangu bila salamu, na kwetu hiyo ni dalili ya msiba.

"Zerihun, hiki kitumbo umekichora kwa basi gani?"

"Basi la kawaida."

"Gashe Hunde anasema basi lake haliingii humu. Na likiingia halitoki. Na likitoka, mkia unawafagia watu wote wanaosubiri."

Nilikwenda kwenye droo yangu. Ofisini tulikuwa na vibao vya plastiki vya kuchorea njia ya gari linapokata kona, kila aina ya gari na kibao chake. Cha basi kubwa kilikuwa kimevunjika kabla sijaajiriwa. Kwenye droo kilikuwepo kimoja tu, nami nilikuwa nimekitumia miezi minne bila kusoma maandishi yake. Nikayasoma. Kilikuwa cha gari dogo la kubebea maiti.

Sikujua nicheke au nijiuzulu. Wubit alicheka kwa niaba yetu wote wawili, mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya shali.

Nilimwambia Injinia Alemseged, ingawa kibao chenyewe nilimficha. Nilisema tu dereva mmoja ana shaka na vipimo. Akajibu bila kuinua uso: "Zerihun, barabara ya njia sita haisimami kwa sababu ya dereva mmoja. Vipimo ni vya kimataifa." Na kwa kweli vilikuwa vya kimataifa. Maiti wako kila nchi.

Wubit akaomba vitumbo vijaribiwe uwanjani kwa chokaa kabla ya kumwaga zege. Maoni yakapokelewa.

Nafasi aliipata wafadhili walipotuma ujumbe kwamba watakuja kuona jinsi wananchi wanavyoshirikishwa. Ato Kebret alichanganyikiwa. Wananchi angewatoa wapi? Wubit akamfuata ofisini kwake, mpole kama aliyetoka kuungama.

"Ato Kebret, nina wazo la maonyesho. Tuchore kituo kimoja uwanjani kwa ukubwa wake halisi. Tulete basi, tulioshe, tulifunge maua ya manjano ya sikukuu ya Meskel. Lipite, lisimame, wageni wapige picha."

"Na wewe utasema nini?"

"Mimi nitakata tiketi. Nitasema nini tena?"

Mkurugenzi akafurahi kiasi cha kuagiza keki.

Uwanja wa nyuma ya ofisi ukapigwa chokaa kwa vipimo vyangu, sentimita kwa sentimita. Wubit alisimamia mwenyewe. Mahali ambapo mchoro ulisema abiria watasubiri, akaamuru hema lipigwe, viti vipangwe, na meza ya chai iwekwe pembeni kabisa, karibu na mstari. "Wageni wakae hapa," alisema. "Wataona vizuri." Nilielewa alichokuwa akifanya. Nilibeba viti.

Ilikuwa saa nne asubuhi, jua zuri la mwisho wa mvua. Wageni walikuwa watatu, mmoja wao bibi mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyeandika kila kitu kwenye daftari. Ato Kebret alisema maneno ya kukaribisha. Injinia Alemseged alieleza mtiririko. Kisha basi likatokea, jekundu na njano, limefungwa maua, Gashe Hunde usukani, uso wake mkavu kama wa shemasi. Wubit alikuwa ndani, kwenye kiti chake cha zamani, dirisha wazi.

"Gashe Hunde," akaita, kila mtu akasikia, "fuata mistari ya injinia. Usiongeze akili yako!"

"Sina hata ya kuongeza!" Hunde akajibu.

Basi likaingia polepole kuliko mtu anavyotembea. Pua ikafika. Matairi ya mbele yakakaa ndani ya mstari, watu wakapiga makofi. Mlango ukafunguliwa, Wubit akatoa kichwa. "Kituo K-tatu B! Wanaoshuka washuke!" Hakushuka mtu. Akafunga mlango, akagonga bati mara mbili, ishara ya kuondoka.

Ili kutoka kitumboni kufuata mistari yangu, Hunde ilibidi akate usukani wote kushoto. Pua ikaenda kushoto. Mkia, mita tatu nzima za bati nyuma ya matairi ya nyuma, ukaja kulia. Ulikuja taratibu, bila haraka, kama ng'ombe anayejikuna kwenye ukuta. Ukavuka mstari. Ukaifikia meza. Birika likaanguka, vikombe vikafuata, keki ikasukumwa ikatembea yenyewe mpaka mwisho wa meza, ikasita, ikaanguka. Ato Kebret aliruka na kiti chake kikiwa bado kimemng'ang'ania makalioni. Injinia Alemseged alipanda juu ya kiti, akasimama pale amekumbatia mchoro kifuani. Bibi wa kofia alirudi nyuma hatua nne, akaendelea kuandika.

"Simama!" Wubit akapiga kelele, na basi likasimama papo hapo. Akafungua dirisha la nyuma, akautazama uwanja uliojaa vigae na chai.

"Abiria wote wamekufa," akatangaza. "Twende kituo cha pili?"

Bibi wa kofia akaomba atafsiriwe. Mkalimani alisita, akamwangalia Ato Kebret, kisha akatafsiri. Bibi alicheka kwa sauti ambayo hukuitegemea kwenye mwili mdogo vile.

Mchana ule Wubit aliitwa juu, nami nikaitwa kama shahidi.

"Ulipanga hili," Ato Kebret alisema. Suruali yake ilikuwa bado na chai.

"Nilipanga viti. Basi mlilichora nyinyi."

"Umeniaibisha mbele ya wageni!"

"Ato Kebret, wewe umemwagikiwa na chai. Mwenzio anayesubiri kituoni angevunjika mbavu. Nani kati yenu alipaswa kulalamika?"

Hapo nikakitoa kile kibao, nikakiweka mezani, nikaeleza. Alemseged alikishika, akasoma maandishi. Nilingoja kufukuzwa. Badala yake akainuka, akatoka, akarudi na mchoro wote wa barabara, akauweka mbele ya Wubit.

"Niambie kituo kimoja kimoja," alisema.

Kazi ile ilichukua wiki sita. Vitumbo vilirefushwa, hilo lilikuwa dogo. Wubit alitaka vituo viletwe chini ya madaraja, miguuni pa ngazi, na kwa vingi akapata. Alitaka mabasi yapewe njia yao pembeni karibu na mji, na baada ya kelele za siku nne akapata kilomita mbili. Alemseged alitaka tano. Kufikia hapo alikuwa ameshaanza kupanda basi asubuhi, akifika ofisini amekanyagwa viatu, kalamu zimebaki mbili, na akisimulia safari kama aliyetoka vitani.

Kilichowashinda ni Soko la Kondoo. Pale barabara ilipita juu ya tuta refu la udongo, na njia ya magari kushukia ilikata mbele ya soko. Kituo kilikuwa upande mmoja, soko upande mwingine, na daraja mbali. Walikwenda wote wawili kuangalia, wakanichukua nishike mkanda wa kupimia. Zege la ile njia ya kushukia lilikuwa limeshamwagwa. Tulisimama juu ya tuta, tukamwona mama mmoja akivuka kifusi na kondoo wawili, akiwavuta, akiwasukuma, akiwabeba mmoja mmoja kuupanda ukuta mfupi wa kati, uliokuwa bado unangoja uzio wake.

"Hapa nimekosea," Alemseged akasema.

"Umekosea."

"Siwezi kulivunja hilo zege, Etye Wubit. Hawatakubali." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada mkubwa.

"Najua. Ungeweza, ningeshakupigia kelele." Akafungua mkoba, akatoa mkate, akamega, akamlisha kwa mkono wake mwenyewe kinywani, kama tunavyowalisha watu wetu. "Kula. Halafu utafute njia nyingine."

Njia nyingine haikupatikana. Barabara ikafunguliwa kwa bendera na matarumbeta, na siku hiyo mabasi yakazuiwa kuipita ili wageni wasicheleweshwe. Wubit alikuwa na kadi ya mwaliko. Alifika sherehe imekwisha, kwa miguu, akiwa ametembea katikati ya njia sita tupu, polisi watatu nyuma yake wakimsihi ahamie pembeni.

Uzio wa Soko la Kondoo ulikatwa kabla wiki mbili hazijaisha. Ukazibwa, ukakatwa. Mwezi wa pili tangu barabara ifunguliwe, asubuhi ya kuelekea sikukuu, muuza kondoo mmoja, mzee aliyeitwa Gashe Terefe, aligongwa na lori akipita kwenye lile tobo. Alikufa palepale. Kondoo wake walipona, wakazagaa barabarani, na magari yalisimama saa nzima.

Ule utani wa abiria wote wamekufa, ambao ofisi nzima ilikuwa ikiurudia, Wubit hakuutaja tena, na aliyeutaja mbele yake alijuta.

Alikwenda kwenye hema la msiba siku zote tatu. Siku ya pili akamleta Alemseged. Nilikuwepo. Hakuna aliyemjua yule bwana mrefu. Walimpa nafasi kwenye benchi, wakamletea injera na kikombe cha kahawa, wakamweleza, kama wanavyomweleza kila mgeni, jinsi marehemu alivyokuwa mcheshi, na jinsi alivyoweza kukisia uzito wa kondoo kwa kumnyanyua mkia. Mjane akamwuliza, "Wewe ulimjuaje mzee wangu?"

Alemseged alifungua mdomo. Wubit hakumsaidia.

"Mimi ndiye niliyechora barabara," akasema.

Mjane alimtazama, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayejaribu kusoma herufi ndogo. "Hukutuona?" akauliza.

"Hapana, mama. Sikuwaona."

"Basi sasa umetuona," mjane akasema, na akamwambia binti yake amwongezee kahawa.

Kilichofuata Alemseged alikifanya mwenyewe, kwa penseli, bila kupitia kwangu. Alichora ngazi mbili za kupanda tuta, kituo juu yake pande zote mbili, na njia ya chini ikipita ndani ya tuta, pana vya kutosha watu na mifugo. Wubit aliupeleka mchoro yadi ya mabasi, akaupeleka sokoni, akautandaza juu ya marobota ya nyasi. Wafanyabiashara wakasema njia ya chini ni nyembamba. Alemseged akaongeza mita moja. Wakasema kondoo hawaingii gizani. Akatoboa dari. Ato Kebret alikataa kutia saini mara mbili. Mara ya tatu Wubit alimwambia kuna wauza kondoo arobaini wanamngoja uani, na kondoo wao. Walikuwa tisa, lakini Ato Kebret hakutoka kuwahesabu.

Ujenzi ulichukua mwaka mmoja na miezi minne. Njia ile inanuka kondoo, na kuta zake zimejaa matangazo ya waganga na walimu wa hesabu, lakini watu wanapita. Uzio wa juu haujakatwa tena.

Alemseged alihamia Hawassa, na nasikia huko wanamlalamikia kwa kuanza kila mchoro na vituo vya basi. Wubit alibaki kwetu mpaka alipostaafu. Hawakumpa cheo. Walimpa muhuri, na bila muhuri ule hakuna mchoro uliotoka nje ya mlango, kwa hiyo mainjinia wenye shahada mbili walipanga foleni mbele ya meza yake wakiwa na kahawa mkononi.

Siku hizi anaugua magoti. Jumapili nikienda kumwamkia namkuta kibarazani, ananiambia yaliyoko kwenye vituo vipya: paa fupi, benchi lenye mteremko ili watu wasilale, na kwa sababu hiyo hawawezi hata kukaa. Wiki iliyopita alinionyesha barua aliyoiandika kwa mkurugenzi mpya, kurasa tano, yenye mchoro wa benchi. Vipimo alikuwa amevichukua kwa kumkalisha jirani yake, mama mpana kama yeye, kwenye gunia la unga.

"Unafikiri watanijibu?" akauliza.

Nikamwambia huenda watamjibu kwamba maoni yake yamepokelewa.

"Wapokee tu," akasema, akanipa bahasha. "Lakini peleka wewe, kwa mkono. Na ukifika, usikae. Simama mlangoni mpaka waifungue."

Niliipeleka Jumatatu.